Mwana wa Mbandika Mabango

Ijumaa, 4 Oktoba 1985

Bi. Godelieve, mwenye kiwanda cha bia cha Kunguru, kaweka tangazo mlangoni mwa baa yake. Kiwanda kinatimiza miaka mia. Sherehe Jumapili ijayo, tarehe 13, mji mzima unakaribishwa. Anatafuta picha moja ya zamani ya kutangaza bia ya Kunguru. Itatundikwa juu ya kaunta daima dawamu, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la familia iliyoitoa.

Nimelisoma mara tatu. Jina la familia! Kwa shaba!

Marehemu baba yangu, Cyriel Verleye, alibandika mabango ya Kunguru miaka thelathini na mmoja. Ngazi begani, ndoo ya gundi kwenye usukani wa baiskeli, mvua yake, theluji yake, mbwa wa watu. Mabango yenyewe kila mtu anayakumbuka. Yule mnene anayecheka, kunguru katua kofiani kwake, bia mkononi. Baba hakumbukwi na mtu. Inaniuma, na imeniuma tangu tumzike. Mabango sina hata moja, maana mbandika mabango hajiwekei akiba, yote aliyapeleka ukutani. Picha yake mwenyewe pia sina.

Na nani analo bango? Achiel Bostyn! Mfuga njiwa, mwenzangu wa karata miaka ishirini, na mwizi wa karata miaka ishirini hiyo hiyo. Analo la mwaka 1934, safi, halina hata kunjo. Anasema baba yake alipewa. Alipewa! Alilibandua ukutani gundi ikiwa mbichi, baba yangu akarudi kesho yake na mvua kubandika jingine. Mji mzima unajua. Yaani, mimi najua.

Halitundikwi lile. Nikiwa hai, halitundikwi.

Jumapili, 6 Oktoba

Wazo limenijia kanisani, katikati ya mahubiri. Ilibaki kidogo nipige makofi.

Bango la Achiel ni la kuchapishwa. Yalichapishwa maelfu. Lakini kabla ya kuchapishwa, mtu alikaa akalichora kwa mkono. Mara moja tu. Iko wapi hiyo picha ya kwanza? Hakuna ajuaye. Basi ninayo mimi! Mchoraji alimpa baba, kwa heshima, na baba akanikabidhi kitandani kabla ya kukata roho. Machozi yalinilenga nilipofika hapo, na hadithi nimeitunga mwenyewe.

Nimemweleza mke wangu, Rozeke. Akasema kitu pekee ambacho baba alipewa na kile kiwanda ni kikohozi. Akasema niende kwa Bi. Godelieve nimweleze habari za baba, kweli tupu, mama wa watu hana roho mbaya. Yaani nikaombe! Verleye haombi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimempata fundi. Wannes, aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya hapa mjini kwetu Wijdebeke. Mkono wake haujatetemeka. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba hanywi bia. Tumbo halitaki, tangu ujana ni mtindi tu. Mtu asiyekanyaga baa atamwambia nani siri yangu? Mimi nina akili, basi tu watu hawajui.

Malipo: sungura wawili, wapikwe na Rozeke kwa bia na plamu kavu. Nikamuuliza, na tumbo je? Akasema bia iliyochemka si bia, ni mchuzi.

Karatasi nimeitoa chini ya nguo kwenye kabati la bibi. Imetandikwa humo tangu kabla ya vita.

Kielelezo ni mimi mwenyewe. Nimekaa mezani jikoni, kofia kichwani, bia ya Kunguru mkononi, nikacheka kwa muda wa saa tatu na nusu. Wannes hana mchezo. Povu likishuka, anataka bia mpya. Povu limeshuka mara saba. Kuanzia ya tano nilikuwa nacheka bila kuombwa. Kunguru kamchora kwa kumbukumbu tu, kwa sababu njiwa wa Achiel nisingeweza kuwaazima bila maelezo.

Picha nzuri mno. Nimetamani baba angekuwepo.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku ya kuizeesha. Nimeipaka kahawa, vikombe vinne. Imekunjamana. Nimeianika juu ya karai la chipsi ipate moshi kidogo. Sasa inanuka chipsi.

Rozeke kasema inyooshwe kwa pasi. Nikanyoosha. Njiwa watatu wa Achiel wakatua kwenye bustani yangu. Nikatoka kuwafukuza. Niliporudi, alama ya pasi, kahawia, penye kona ya chini. Nimetukana mpaka nikachoka. Kisha nikafikiri. Hiyo si pasi, ni vita! Bomu liliangukia nyumba ya jirani mwaka 1940, cheche ikaruka. Baba mzima kaingia motoni kuokoa sanaa.

Rozeke kauliza cheche gani yenye umbo la pasi. Si kila swali lina haki ya kujibiwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Karata kwa Bi. Godelieve. Achiel alikuwa na habari moja tu, fremu yake. Mti wa mwaloni, kioo, kamba mpya. Kibao cha shaba ameshakipimia nafasi kwa rula! Nikasema taratibu kwamba wengine wana vitu vya mwaka huo huo, ila vya mkono. Meza nzima ikacheka. Achiel akasema, “We Firmin, wewe hata kabichi la mwaka jana huna!”

Cheka, bwana, cheka. Jumapili si mbali.

Bi. Godelieve akanijia pembeni. Akaniuliza kama si baba yangu yule wa ngazi, aliyekuwa akimpungia mkono yeye alipokuwa mtoto. Nikamkata kauli. Nikamwambia baba yangu alikuwa rafiki wa wasanii. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kaunta.

Nimeshinda raundi moja ya karata. Achiel kashinda sita, na najua alivyozishinda.

Jumapili, 13 Oktoba

Niandike haraka kabla hasira haijaisha.

Bendi ya matarumbeta. Meya na mkufu wake. Mji mzima ndani ya baa. Bango la Achiel likafunuliwa, makofi. Nikasubiri yaishe. Nikapanda kwenye kiti, nikasimulia: mchoraji, kitanda cha mauti, bomu. Nikaivua picha yangu shuka.

Watu wote, aah! Bi. Godelieve kaweka mkono kifuani. Mzee Remi, aliyetengeneza mapipa ya Kunguru miaka arobaini, kavua kofia. Kwa dakika moja nzima nilikuwa mtoto wa mtu. Sitaisahau ile dakika, waseme watakavyo.

Achiel akasogea. Akavaa miwani. Nilikuwa tayari kwa swali la karatasi, la harufu, la pasi. Majibu ninayo yote mfukoni. Hakuuliza hata moja.

Aliuliza, “Jamani, hii glasi gani?”

Mzee Remi akarudisha kofia kichwani.

Kunguru hunywewa kwa glasi ya Kunguru. Fupi, nene, haina mguu, inajaa kwenye kiganja. Hata mtoto wa ubatizo anajua. Glasi za Kunguru zikiisha kwenye baa, mtu husubiri moja ioshwe, au anakunywa bia nyingine, au anaenda kwake. Na pale kwenye picha yangu, mtu wangu anacheka na glasi yenye mguu mrefu na mdomo mpana. Glasi ya Kengele Tatu! Kiwanda cha ng'ambo ya mto! Mahasimu wetu tangu enzi za babu!

Wannes atajuaje, mtu wa mtindi? Kachora alichokiona. Na mimi? Ile glasi niliipata kwenye bahati nasibu ya parokia, mwaka 1974. Kengele zake zilishafutika kwa kuoshwa. Inashika povu vizuri. Nimeizoea hata siioni tena.

Meya akatazama uso kwenye picha, akanitazama mimi. Tena picha, tena mimi. Pua ile ile. Baa yote ikalipuka kwa kicheko. Hapo ningeweza kupona! Kughushi wangenisamehe, kughushi ni mzaha. Lakini Mzee Remi hakucheka. Kaniuliza kwa sauti ndogo, “Firmin, mwanangu. Nyumbani kwako, Kunguru unainywa kwa hiyo?”

Nikakataa. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Na mke wangu wa ndoa, Rozeke, mbele ya bendi: “Miaka kumi na mmoja! Na nimemwambia!”

Sikuinamisha kichwa. Nimechukua picha yangu nikatoka kwa mlango wa mbele, polepole, kifua mbele. Bendi ikapiga muziki wa kunisindikiza. Wahuni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mwoka mikate kanipa mkate bila salamu. Mlangoni kwangu mtu kaacha glasi ya Kunguru imefungwa utepe. Sikuirudisha. Glasi ni glasi.

Saa kumi Bi. Godelieve kabisha hodi. Nikadhani kaja kunifukuza kwenye karata. Nikajipanga kumwambia mkono unaoshika bia ni wangu, nyumba ni yangu, na glasi ni yangu. Nikamwambia. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka sanduku la biskuti mezani, la bati, lina vumbi.

Ndani, picha za marehemu baba yake. Akatoa moja. Mwaka 1938. Mtu juu ya ngazi, ndoo, brashi mkononi, bango limebandikwa nusu, upepo umeikamata nusu nyingine. Kageuza uso kwa aliyempiga picha, anacheka hasa. Kijana kuliko mimi nilivyo sasa. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa kalamu: Cyriel, mtu wetu wa kuta.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu. Sikujua kama alikuwa na meno mazuri hivyo.

Bi. Godelieve akasema jana, nilipotoka na kifua mbele, alimkumbuka mtu wa ngazi, akakesha anapekua. “Ungeniambia tu, Firmin. Ningekutafutia tangu Ijumaa ile.” Picha atatundika zote mbili juu ya kaunta, bango la Achiel na baba akiwa kazini. Vibao viwili vya shaba, vinavyolingana.

Rozeke alisimama pale na birika, akanikazia macho.

Jumapili, 20 Oktoba

Imetundikwa. CYRIEL VERLEYE, MBANDIKA MABANGO. Herufi nimezipima kwa rula ya Achiel, ni sawasawa na zake. Nimesimama chini yake mpaka bia ikapoteza povu. Glasi fupi, ndiyo, ndiyo, waliniangalia wote.

Achiel kanipa mkono. Akasema lile bango la 1934 halikuibwa. Baba yangu ndiye aliyelibandua mwenyewe, gundi mbichi, akampa baba yake Achiel siku ya harusi yake kwa kuwa hakuwa na zawadi nyingine. Uongo mtupu! Lakini kanunua bia, nikaukubali kwa leo.

Njiani Rozeke akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nimelifikiria swali hilo kwa haki, tangu darajani hadi nyumbani. Kama nisingedanganya, nisingeumbuka. Kama nisingeumbuka, mama yule asingekesha. Asingekesha, sanduku lisingefunguliwa, na baba angekuwa bado chini ya vumbi la biskuti. Sasa anieleze mtu kosa langu liko wapi!

Nimejifunza, tena sana. Kengele Tatu nao wana sherehe mwezi Mei. Wanatafuta kibao cha bati cha zamani cha kutangaza bia yao, na wao pia wataandika jina la familia. Nitasema baba alikuwa akiwafanyia kazi kwa siri, nyuma ya mgongo wa Kunguru. Wannes kanichorea kimoja Ijumaa, kwa sungura mmoja tu. Sasa hivi kimefukiwa kwenye tuta la vitunguu, nimekimwagia lita tatu za siki kipate kutu. Na safari hii hakuna glasi. Nimemwambia achore chupa.

Rozeke yuko jikoni, anatafuta sinia lake kubwa la bati la kuokea. Nimemwambia Achiel kaliazima.