Posa Iliyotua Kwenye Bukari

Kalemie, 14 Mei 1992

Kwa Papa Camille,
Président wa Ligi ya Judo na Karate

Papa Président mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zilizonibakia, maana nyingine zilimwagika sebuleni kwangu Jumapili iliyopita pamoja na mchuzi. Mimi ni Ilunga Urbain, fundi baiskeli wa karibu na soko. Binti yangu wa kwanza, Viviane, anajifunza judo kwa Maître Mwamba, mwaka wa tatu sasa. Mchumba wake, Théophile, ni mtu wa karate, mkanda wa kahawia. Jumapili hiyo jamaa za Théophile walikuja kuposa. Mjomba wake alipanda boti kutoka Moba, akatapika njia nzima, lakini akafika na mbuzi mzima. Waliondoka kabla ya chakula, na mbuzi wao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafunzo ya judo yanaanzia mwisho. Mahali pengine mtu anajifunza kupigana, na kuanguka kunamjia bure. Kwa Maître Mwamba wanaanza na kuanguka. Miezi mizima Viviane alikuwa akijitupa juu ya magunia ya maranda, anapiga chini kwa kiganja, anasimama, anajitupa tena. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni: msichana aliyezoea kuanguka mapema hatasumbua ndoani. Hakuna aliyenionya kwamba mwenye kujua kuanguka anajua pia kuangusha.

2. Karate, kwa upande wake, ni mchezo wa watu wenye adabu. Alfajiri wako ufukoni, maji ya ziwa kiunoni, wanapiga ngumi hewa, na hewa hairudishi. Wanapiga nguzo iliyozungushiwa kamba, na nguzo haijawahi kulalamika kwa Ligi. Hata wakishindana, ngumi inasimama karibu na pua ya mwenzao na mwamuzi anatoa pointi. Sasa nauliza, Papa Président: kijana aliyekuzwa na wapinzani wapole namna hii, mnampelekaje kwa binti ambaye masomo yake yote ni kukamata watu nguo? Hata wale vijana wa kung-fu, ambao mwalimu wao ni video peke yake, angalau wanajua kukimbia.

3. Tukio lenyewe. Baada ya salamu, Théophile aliombwa aonyeshe ujuzi wake. Akavunja tofali. Lilikuwa tofali la jiko langu, sisemi kitu. Kisha mjomba wake akauliza kwa mzaha: "Na huyu bibi yako akikatala neno lako, utamufanya namna gani?" Théophile akainua kiganja, akakirusha, akakisimamisha karibu kabisa na shavu la Viviane. Ulikuwa mfano tu. Tulicheka wote, mimi kuliko wengine. Mjomba, ambaye machoni mwake bado mlikuwa na mawimbi, akaomba arudilie polepole ili aone vizuri. Théophile akarudilia. Viviane alishika kola na mkono wa shati, akageuza kiuno, na mkwe wangu akapita juu ya meza, akatua katikati ya sahani ya bukari iliyosongwa kwa ajili ya wageni, akiwa ametanguliza mkono. Mtoto yeyote wa judo angepiga chini kwa kiganja na kusimama. Huyu alivunjika mfupa wa bega, kwa sababu karate haikumfundisha kwamba iko siku ataanguka.

4. Nilipomkemea, binti alinijibu hivi, mbele ya wageni: "Papa, mimi sikumupiga. Nilimuangusha tu. Kupiga njo mambo ya karate." Hayo ndiyo majibu wanayofundishwa huko! Hilo nalo naliweka juu ya kichwa cha Maître Mwamba.

Kwa hiyo naomba darasa la wasichana lifungwe. Ikishindikana, basi kila mwanakarate mwenye nia ya kuoa alale kwanza juu ya magunia ya maranda mpaka aelewe kuanguka. Hilo nalo likishindikana, mapadri wanapotangaza ndoa kanisani wataje jina la bibi arusi pamoja na rangi ya mkanda wake, ili mwenye kipingamizi ajitokeze angali na mabega mawili. Na kama ni lazima mabinti zetu wafundishwe kitu, wafundishwe catch, ile mieleka ya jukwaani. Mtu wa catch anamwangusha mwenzake kwa dawa, bila kumgusa, toka mbali. Hapo angalau sahani zitapona.

Nakuachia uamuzi. Unisalimie Mama nyumbani, watoto, wakubwa wote wa Ligi, na hata Maître Mwamba, ila yeye umsalimie ukiwa umesimama mbali.

Ni mimi, baba mwenye aibu nyingi na sahani chache,
Ilunga Urbain

Nyongeza: Mke wangu, Monique, alikataa bahasha ifungwe kabla hajasomewa. Nilipofika kwenye maneno "ulikuwa mfano tu", aliniuliza ni mara ya ngapi mkono unaacha kuwa mfano. Swali hilo ninalo tangu mchana. Jioni hii amefika mjumbe wa akina Théophile: wamesamehe, watarudi Jumapili, sharti Viviane aache judo. Nilifungua kinywa ili nishukuru, nikajisikia ninamwambia mjumbe: "Hapana, Papa. Musirudi." Viviane alikuwa mlangoni. Hakucheka, hakulia, alikuja tu akaketi karibu nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumapili.

Basi usifunge kitu, Papa Président. Tuna binti mwingine, Emilie, ana miaka kumi na mitatu. Unijulishe tu wanafunzi wapya wanaanza kuanguka siku gani.