Kazi ya Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 4 Machi
Nimefunga tai kwenda kukata mapazia. Nilikuwa na sababu. Tangu mwaka jana bosi aliniahidi kwamba msimamizi wa karakana akistaafu, kiti ni changu. Leo katukusanya kati ya meza za kukatia, kamtangaza msimamizi mpya. Wifi yake! Pindo halijui, mkunjo haujui. Nami nilishapiga hatua mbele. Nikajifanya nafuata mkasi.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimemnong'oneza Kimya, mpiga pasi wetu, kwamba karakana ya ng'ambo ya barabara inanitaka kwa udi na uvumba. Uongo mtupu, hawanijui hata kwa sura. Nikamsihi asimwambie mtu, nikitumaini atatangaza. Hakutangaza. Kimya ni Kimya. Ikabidi nimwambie bosi mwenyewe, nikasubiri anibembeleze.

Mke wangu kanionya kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ni fupi kweli, ni kuvuka barabara tu.

Jumatano, 6 Machi
Bosi hakunibembeleza. Kaninunulia keki. Wifi katoa hotuba ya kuniaga, nzuri kuliko nilivyopenda. Mshonaji mkongwe kalia. Bosi kanishika mkono, kasema, "Siwezi kukuzibia riziki, mwanangu. Nenda."

Nimekula vipande vitatu, kwa uchungu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimevuka barabara kuomba kazi niliyodai nimeitiwa. Mwenye karakana kaniambia kwa upole kwamba nafasi ilikuwepo, ila jana jioni kuna mtu kaiwahi. Alisikia mahali kwamba wanatafuta watu. Nikachungulia ndani. Kimya! Yuko kwenye cherehani, anafundishwa.

Kaja kunishika bega. "Asante, kaka. Kule niliahidiwa kufundishwa kushona mpaka nikachoka kuuliza. Bila wewe nisingethubutu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kwa bosi nimefyata mkia. Kanipokea. Meza yangu ya kukatia ina mtu tayari. Nafasi iliyobaki ni ya kupiga pasi. Nyumbani nimesema nimehamishwa idara. Mke wangu kacheka hadi kakaa chini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeunguza pazia. Wifi hakunifokea. Kavuta kiti, kasema hata yeye yamemfika. Aliahidiwa ubia, si usimamizi. Akafunga duka lake kwa ahadi hiyo, na sasa kila akiuliza anaambiwa avute subira. Akaniuliza mimi ningefanyaje.

Huruma ilinijaa. Nikamshauri amwambie bosi kuna mahali wanamtaka. Mbinu yenyewe haina kasoro. Mimi niliponzwa na uso, nilitabasamu mapema. Tumefanya mazoezi ya uso mkavu nyuma ya marobota ya vitambaa mpaka saa ya kufunga.

Akiondoka, kiti kitakuwa wazi. Nimeshamdokeza bosi kwamba bado nakitaka. Kasema atanifikiria, na safari hii kanitazama machoni.