Kiti Mama na Watoto Wake Mia Sita

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza: Ijumaa atamteua Mkuu wa Michoro. Chumba cha michoro tumo wawili tu, mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Kwa hiyo Ijumaa mmoja ataanza kumtuma mwenzake! Mimi nitumwe na Shemeji? Mtu anayekunja leso mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni? Thubutu!

Tumepewa mchoro wa ukumbi mpya, viti mia sita. Shemeji kanionyesha ujanja wa kompyuta. Unachora kiti kimoja, kiti mama, kisha unakitolea nakala zinazokifuata. Ukimpaka mama rangi nyekundu, watoto wote wanakuwa wekundu. Ukimkata mtoto kamba, anajitegemea, hamsikilizi mama tena. Nikasema nayajua hayo tangu shule. Muongo mimi!

Nimempigia mama mkwe, nikamwambia cheo nimeshakipata. Kauliza, na mwanawe je? Nikasema anajitahidi.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Anayejua kiti mama kilipo ndiye mwenye ukumbi. Kilikuwa nje kidogo ya ukurasa. Shemeji alipotoka kwenda kula, nikakivuta mbali zaidi nikifiche. Lahaula! Viti vyote mia sita vikahama pamoja nacho. Nusu vikaingia vyooni, vingine vikatoka hadi barabarani. Nikavirudisha mbiombio. Shemeji akaingia, akauliza mbona natokwa jasho. Nikasema ni pilipili ya chakula. Kanikumbusha kwamba sijaenda kula bado.

Jumatano, 6 Machi

Wazo bora zaidi! Nimepekua mipangilio mpaka nikapata pa kuwaamuru watoto watulie mama akihama. Nikafuta mtoto mmoja, nikamkalisha mama mahali pake, katikati ya umati. Nani atamjua? Wanafanana wote!

Pembeni palikuwa na chaguo jingine: mama akifutwa, watoto nao wafutike. Nikaliweka. Shemeji ana kiherehere cha kusafisha mafaili. Asafishe sasa, tuone!

Namba ambayo kompyuta imempa mama, tarakimu tisa nzima, nimeiandika kiganjani. Humu siiandiki, mke wangu husoma.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Asubuhi mke wangu kanikamata mkono wakati namimina chai. Namba ya nani hii? Nikasema ya kiti. Kasema viti siku hizi vinapigiwa simu? Akanisimamia kwenye sinki mpaka nikasugua yote. Kufika kazini, namba imenitoka kichwani, yote!

Na leo ndiyo wameomba viti viwe vya bluu. Nikaanza kupaka kimoja kimoja, nikimtafuta mama. Watoto hawashiki rangi ng'o, wanamngoja mama. Nimeishia safu ya sita, vidole vimekufa ganzi. Shemeji kauliza kama anisaidie. Nikamwambia ashughulike na leso zake.

Ijumaa, 8 Machi

Siandiki vizuri, nina hasira.

Meneja wa ukumbi kaja na Bosi. Katikati ya safu ya tisa anataka kiti kimoja kitoke, iwe nafasi ya mtu wa kiti cha magurudumu. Shemeji akasogea. Nikamwahi! Nikasema kwa sauti kwamba hilo ni jambo dogo sana kwangu. Nikabonyeza.

Ukumbi mweupe pee! Ndiye alikuwa mama! Limebaki jukwaa na vyoo.

Meneja akauliza kama watu watasimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji akanyoosha vidole viwili, akabonyeza, viti vyote vikarudi. Kisha akamgusa mtoto mmoja, akabonyeza tena, kompyuta ikamwonyesha mama. Kumbe mtoto ukimuuliza anamtaja mama yake! Bluu ikaenea ukumbi mzima. Bosi akampa ukuu palepale.

Nami nilikuwa nafukuzwa. Shemeji kamwambia Bosi kwamba mashine iliganda, si kosa la mtu. Ananitetea! Mbele za watu! Sitamsamehe.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kaja kumpongeza mwanawe. Mimi kaniangalia tu, akaniongezea mboga kama mgonjwa.

Jumatatu, 11 Machi

Amri ya kwanza ya Mkuu: nitengeneze beji za wafanyakazi, kumi na nne; ya kumi na tano, yake mwenyewe, ameshaitengeneza. Nikaifanya yangu kuwa mama, nyingine zikaifuata. Shemeji kanisihi nikate kamba kwanza, ndipo niandike kazi ya kila mmoja. Najua, najua! Ila kabla ya kukata nikaandika kwenye yangu MKUU WA MICHORO, nione tu inavyonikaa. Ilinikaa! Nikaitazama sana. Nikasahau, nikazituma zikachapwe.

Jumanne, 12 Machi

Beji zimegawiwa. Dereva ni Mkuu wa Michoro. Mfagizi ni Mkuu wa Michoro. Mlinzi kanisimamisha getini, akainyooshea kidole beji yake, akaniamuru nikamletee chai. Nimempelekea.

Bosi ananiita ofisini kwake, kwa kelele. Aite! Nimepiga hesabu: wakuu sasa tuko kumi na watano. Kwa hiyo Shemeji hana hata mtu mmoja wa kumtuma. Nimemshinda!