Kompyuta Mpya Inataka Kumwachisha Akai Maziwa

Kwa Mwenyekiti, Bi. Saadia, na wanakamati,
Chama cha Maziwa ya Ngamia, Bulla Pesa.

Salaam aleikum, na habari zenu nyote mlio Wakristo.

"Tutahamisha muundo kwanza, ngamia watafuata." Hayo alituambia fundi wetu wa kompyuta, Hoda, kwenye mkutano wa Jumanne, na ninyi mkapiga makofi. Mimi, karani wenu kwa miaka kumi na minne, sikupiga. Nawaandikia kwa heshima nyingi, na hasira iliyozidi kidogo.

1. Muundo huo, wa kuwekea kumbukumbu za ngamia wetu kwenye kompyuta mpya, ni majedwali matupu. Nyanya yangu alihama mara zisizohesabika, na kila mara alipakia fito za nyumba, vibuyu na watoto siku moja. Hakuwahi kutanguliza fito kule Merti zikamngoje.

2. Hoda anasema hifadhidata ya zamani, iliyo kwenye kompyuta yangu, imezidiwa. Mimi huiwasha, natembea hadi Wabera kunywa chai, na nikirudi iko karibu kufunguka. Huko si kuzidiwa. Huo ni utaratibu.

3. Ngamia namba 41 ni wa mwanachama wetu Luul, lakini baada ya ukame Luul alimwazima mama mmoja, Akai wa Chechelesi, amkamue alishe watoto wake, kama watu wa hapa wanavyofanyiana siku zote. Hifadhidata ya zamani ina kisanduku kimoja tu cha mwenye ngamia. Je, nililalamika? Nilitumia akili. Nilimwandika Akai kuwa ndama wa namba 41, maana ndama naye ana haki ya maziwa ya mama yake. Tangu hapo maziwa ya ziada anayotuletea yanapokelewa kila asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

4. Sasa Hoda anasema kila ndama atawekewa umri, na akipita miezi kumi na minane, mfumo wenyewe unamwachisha maziwa. Akai ana miaka arobaini na mitatu. Watoto wake watakunywa nini, muundo?

5. Mfumo huohuo unadai kila ndama awe na alama ya sikio. Nani kati yenu atakwenda Chechelesi kumtoboa Akai sikio? Mimi siendi. Namjua.

Basi, Bi. Saadia, na ninyi wanakamati mliopiga makofi: simamisheni uhamisho huu kabla ya Ijumaa.

Nisalimieni Luul, wakamuaji wote, na namba 41 mwenyewe.

Ni mimi, nisiyetikisika,
Abdisamad Shuriye, Karani.

Baada ya kutia sahihi: Hoda amepita hapa nikikunja barua. Kumbe muundo mpya una jedwali la wenye ngamia na jedwali lingine la wakamuaji, na Akai ameandikwa wa kwanza, tena kama binadamu. Hilo halikunitikisa. Kisha akanionyesha orodha ya ndama wa kuuzwa kwenye mnada wa Jumatatu, iliyotolewa na kompyuta yangu. Akai ni wa tatu, na sahihi yangu iko chini. Hoda, hamisha leo. Akai, Jumatatu usipite karibu na mnada.