Siku Probox Yetu Ilipima Majani Chai

Leo nimejianika mbele ya kituo kizima cha kupimia majani chai. Nawaambia mwenyewe kabla jirani yangu Mama Nekesa hajawaambia, kwa sababu yeye ataongeza chumvi.

Uvumilivu wangu ulikatika pale karani aliposema, "Kumi na moja, mama. Anayefuata."

Kumi na moja. Mimi nimeinama kwa hiyo chai tangu umande haujakauka, mtoto mgongoni, gunia limeshiba mpaka mdomo haufungiki, halafu naambiwa kilo kumi na moja kama mtu anayeambiwa saa. Na si leo tu. Ni miezi na miezi mgongo wangu unasema kitu kimoja na mizani ya Bett inasema kingine. Bett ndiye karani wetu. Kijana mpole, amevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Siku zote nilikuwa nameza mate naenda zangu.

Lakini leo nilikuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuwa ndani ya gari.

Ngoja niwaeleze. Hii Probox yetu imekuwa ikitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Jana mume wangu, Baba Cherono, akaipeleka kwa fundi mjini Kericho, akarudi jioni na kidude kimebandikwa karibu na kioo cha mbele. Ni cha duara, kina namba nyekundu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyejaliwa mapacha. Akaanza kunieleza, lakini mimi nilikuwa namuogesha Cherono, na mtoto akiogeshwa kwetu hata tarumbeta huwezi kuisikia.

Asubuhi akapanda pikipiki kwenda Mulot, ambako anaendesha trekta ya mtu. Gari akaniachia kwa sababu mtoto ana mafua na barabara ni matope. Akiwa getini nikamuuliza hicho kidude ni cha nini.

Akasema ni kipimo. "Usikiguse. Lakini namba ikitulia, iamini kuliko maneno ya mtu yeyote."

Kipimo cha nini, hakusema. Pikipiki ikaondoka.

Nilipomaliza kuchuna nikawasha gari ipate joto. Kidude kikaonyesha vistari tu, kama mizani inayosubiri mzigo. Nikapakia gunia nyuma, nikamfunga Cherono kwa kiti chake, nikakaa. Namba zikatokea. Zikacheza kidogo, zikatulia. 14.7.

Nikaitazama. Nikageuka nikatazama gunia. Nikaitazama tena.

(Sikujiuliza mbona haikunipima mimi. Wala mtoto. Wala tairi ya akiba. Mtu mwenye hasira haendi mbali na hesabu.)

Nikafunga safari. Kwa mteremko wa mtoni namba ikaruka hadi ishirini na kitu. Nikasema hapo mzigo umelala mbele. Kupanda kilima nikakanyaga mafuta, ikashuka hadi kumi na mbili. Mzigo umerudi nyuma, bila shaka. Kituoni nikasimama kwa tambarare, injini ikinguruma, ikarudi pale pale: 14.7. Niliona imenyooka kuliko watu wengi ninaowajua.

Sasa mnaelewa kwa nini niliwaka aliposema kumi na moja.

"Bett," nikasema, "soma tena."

"Kumi na moja, mama."

"Gari yangu inasema kumi na nne nukta saba."

Akanitazama. Wamama wote kwa foleni wakanitazama. "Gari inasema?"

"Inasema."

Nikaomba aitwe Mzee Rono, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Nikamwambia nataka kuandikisha malalamiko rasmi kwamba karani anatuibia kilo, na nikataka ayaandike mbele ya watu. Bett akasema polepole kwamba yeye pia ana watoto, na kazi yenyewe ni hii moja. Sikumwonea huruma. Nasema ukweli, hapo sikumwonea hata kidogo.

Tukalirudisha gunia kwa gari. Mzee Rono akaingia upande wa dereva, akavaa miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kidude.

"Kumi na nne nukta saba," akatangaza.

Foleni ikaanza kunung'unika. Mmoja akasema hata yeye alikuwa anashuku. Mwingine akakumbuka magunia ya mwaka jana. Kwa dakika chache nilikuwa mtu mkubwa sana, wadau. Kama kungekuwa na uchaguzi hapo ningepita bila kupingwa.

Halafu Mama Nekesa akasema na lake lipimwe kwa Probox. Lake ni gunia la watu wawili, yeye na dada yake wanachuna pamoja. Tukatoa langu, tukaingiza lake. Gari ikakaa chini kidogo kwa uzito.

Mzee Rono akatazama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Kumi na nne nukta saba."

"Ya nani?" Mama Nekesa akauliza. "Yangu ama yake?"

Tukatoa gunia lake. Gari ikabaki tupu, mzee peke yake ndani. 14.7. Mzee akateleza kidogo akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, namba ikatawanyika huku na huku, ikarudi 14.7. Akashuka bila haraka.

"Mama Cherono," akasema, "hii kitu yako inapima nini? Hewa?"

Nikampigia Baba Cherono simu. Kosa langu la pili leo: niliweka spika ili watu wote wasikie nikitetewa.

Nikamuuliza kile kidude kinapima nini. Trekta ikasikika ikizimwa kule Mulot.

"Kinapima vile hewa na petroli zinachanganyika kwa injini," akasema. "Hewa kumi na nne nukta saba kwa petroli moja, hapo injini inachoma vizuri. Sensa yake, ndiyo pua yake, iko kwa ekzosi. Kwani gari imekuwaje?"

"Iko kwa ekzosi?"

"Ee. Inanusa moshi."

Nikakata simu.

"Kwa hivyo," Mama Nekesa akasema, akijaribu sana kukaza uso, "umetuletea mizani ya moshi."

Sitaeleza kicheko. Kuna mtu alikaa chini kwa nyasi mbichi na hakujali. Dereva wa lori la majani alishuka kuuliza nini, akaelezwa, akaanza kucheka upya watu wengine wakiwa wamemaliza. Hata Cherono alicheka, na yeye hajui chochote.

Nikaenda kwa Bett. Nikamwomba msamaha kwa sauti ileile niliyomshtaki nayo, ili kila aliyesikia la kwanza asikie na la pili. Akasema yameisha. Mzee Rono akauliza basi afute malalamiko.

Nikamwambia asifute. Aandike mengine.

Kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na aibu yangu yote, nikiitazama mizani ya kituo, na nikaona kitu ninachokiona kila siku. Namba zake zinamwangalia Bett. Sisi tunaona mgongo wa mizani, chuma na kutu. Nikawaambia wamama, mimi niliamini moshi kwa sababu ndiyo namba pekee iliyowahi kunigeukia uso.

Kicheko kikapungua. Mama Nekesa akafuta machozi kwa leso. "Mzee, weka na jina langu hapo," akasema. "Bado nacheka, lakini weka."

Yaliyoandikwa ni haya: Mimi Mama Cherono nalalamika kwamba mizani ya kituo chetu imempa mkulima mgongo. Naomba igeuzwe, ili anayechuna asome pamoja na anayepima. Karani hana kosa. Gari haina kosa. Mume wangu anarudi jioni, na kesi yake nitaisikiliza mwenyewe.