Uzinduzi wa Taa ya Ndani ya Pikapu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Magari, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Makamu pale Makamu anapokuwa semina, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, wazee wangu, mama zangu, mkunga wetu, dereva wetu, na wewe pikapu uliyeoshwa leo hadi chini ya matairi. Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa uani, mbele ya utepe huu, kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuhuisha, Kuboresha na Kuendeleza Mwanga wa Ndani, mpango uliotokana na upembuzi yakinifu ulioonyesha kwamba asilimia mia moja ya magari ya kituo hiki yalikuwa hayana taa ya ndani inayowaka. (Sauti kutoka nyuma: "Si ni hili hili moja?") Ndilo hilo, mzee wangu, lakini takwimu hazidharau uchache. (Kicheko.)

Itakumbukwa kwamba mvua zilipoanza, dereva huyu mnayemwona alikuja ofisini kwangu, akavua kofia, akasema, "Mkuu, taa ya ndani haiwaki. Fyuzi nimeangalia, nzima. Swichi ya mlango nzima. Ni balbu tu imeungua." Nikamwambia, kijana wangu, serikalini hakuna kitu kinachoitwa balbu tu. Papo hapo nikaelekeza iundwe kamati ndogo ya wataalamu, ichunguze kwa kina kama kifuniko cha plastiki kitabanduliwa kwa bisibisi au kwa ukucha, kama vishikio vya balbu vimeshika kutu na vinahitaji msasa, na kama balbu yenye nguvu kupita kiasi haitayeyusha kifuniko hicho na kuihujumu serikali. (Makofi ya wastani.)

Wakati mchakato huo ukiendelea kwa kasi ya kuridhisha, jioni moja nilikuwa ndani ya pikapu hii nikielekea nyumbani, kwa madhumuni ya kulinda mali ya umma isitembee peke yake, ndipo mkunga, aliyekuwa kiti cha nyuma, akapigiwa simu kwamba kuna binti ana uchungu ng'ambo ya kijito. Nikaridhia gari ligeuze. (Mkunga: "Hukuulizwa.") Niliridhia moyoni, dada yangu. (Kicheko kirefu.)

Tukamchukua binti yule na mama yake, wakakaa kiti cha nyuma pamoja na mkunga. Hatukufika mbali. Gari likazama kwenye tope, mvua ikapiga bati kama inadai kufunguliwa, vioo vikajaa ukungu, na ndani kukawa giza kama tumbo la chungu. Mkunga akasema, "Dereva, washa taa ya ndani." Dereva akanitazama mimi. Nikasema, kwa utulivu wa kiongozi, kwamba suala hilo lipo kwenye mchakato.

"Huyu hayupo kwenye mchakato," mkunga akasema. "Huyu yupo kwenye uchungu. Toa simu yako umulike."

Nikageuka kitini, nikamulika. Akasema, "Baba, usinimulike mimi, mulika huku chini." Nikamulika chini. Akasema, "Sasa fumbua macho." (Kicheko.) Ndugu zangu, nilikuwa nimeyafumba kwa kuheshimu faragha.

Mtoto akatoka kimya. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na mkunga akawa anakitafuta kwa vidole, huku mkono wangu ukitetemeka kwa uzalendo na mwanga ukiruka kutoka paani hadi mlangoni. "Tuliza hiyo taa. Simwoni." Nikashindwa kuituliza. Ndipo yule mama wa binti, aliyekuwa amempakata mwanawe kichwa, akanyoosha mkono akanishika kiganja, akakibana juu ya ukingo wa kiti mpaka mwanga ukasimama. Mkunga akakitoa kitovu shingoni, akamlaza mtoto kifudifudi, akamsugua mgongo. Tukasikia mvua peke yake. Akamsugua tena.

Halafu mtoto akalia. Na mimi nikalia, kwa niaba ya ofisi. (Makofi mazito. Baadhi ya akina mama wanafuta macho.)

Kutokana na tukio hilo, ambalo nililiongoza mwanzo hadi mwisho nikiwa nimegeuka nyuma, naahidi kwamba awamu ya kwanza ya mpango itaifikia taa hii ya darini, awamu ya pili taa za dashibodi, na awamu ya tatu tutaunganisha sistimu nzima ya mwanga ili hata droo ya mbele ikifunguliwa ijisikie imethaminiwa. Sasa nabonyeza swichi. (Taa inawaka. Vigelegele.)

Nikisema mwanga wa ndani, mseme maendeleo ya nje. Mwanga wa ndani. (Maendeleo ya nje.) Balbu moja. (Kimya. Hawakufundishwa hii.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe wa kamati ndogo, ambao watakutana mara tu watakapoteuliwa. Naushukuru mfuko wa mpango, ambao utafunguliwa. Nawashukuru wafadhili, popote walipo. Mpango wenyewe, kwa uwazi na uwajibikaji, hadi sasa ni hotuba hii. Na kwa namna ya pekee namshukuru bibi wa yule mtoto, maana balbu mliyoishangilia ni yake. Aliileta ofisini kwangu juzi, imefungwa kwenye kitambaa, na nilipomsihi asubiri mpango uzinduliwe, akasema, "Mwanangu, binti yangu mdogo naye ni mjamzito," akatoka nje, akamkabidhi dereva.