Figo za Bwanashauri

Stanislaus aligundua utajiri wake siku alipomwona karani mmoja wa Kibondo akimlilia mbwa mzee. Mtu anayemlilia mbwa, aliwaza, hawezi kukataa kumlipia. Wakati huo, mwaka 1973, mtu huyu wa Tabora alikuwa amefukuzwa kazi ya kufagia josho la ng'ombe, akaondoka na koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo, vitu ambavyo yeye mwenyewe aliviita kiinua mgongo.

Kazi yake mpya ilikuwa ya heshima. Alipima mbwa na paka waliozeeka, akawagundulia magonjwa ambayo bado hayajaanza. Utamu wake ulikuwa hapo: mgonjwa wa mwakani hawezi kumuumbua daktari leo. Akadunga maji ya kisima, akapokea kuku, asali na maharage, kisha akapanda baiskeli yake na kuhamia Kasulu kabla mwakani haijafika.

Kijijini Rungwe Mpya akamkuta Theodosia, mjane ambaye wanawe wawili walikuwa Tanga wakikata mkonge. Nyumbani alibaki na mbwa wake Bwanashauri, aliyezaliwa enzi za Mwingereza, na ng'ombe mmoja, mtamba mnene asiye na wa kumchunga, ambaye kila wiki alimletea kesi kwa kula mahindi ya watu. Stanislaus alimtazama mbwa mara moja na mtamba mara tatu.

"Mwakeye, mama," akaamkia, kwa neno pekee la Kiha alilolijua. "Mbwa huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Lakini anakula vizuri, daktari."

"Ndiyo dalili ya kwanza hiyo." Akaweka kipimo kifuani pa Bwanashauri, ambaye alikuwa amelala na hakuona sababu ya kuamka. "Figo, mama. Leo nzima. Mwezi wa nane zinaharibika."

"Yesu wangu! Zote mbili?"

"Itaanza moja, nyingine itafuata. Kinga ipo, ila dawa yake inatoka Ulaya."

Theodosia alimpenda kweli yule mbwa. Akampapasa masikio, akamtazama daktari kwa muda.

"Pesa sina, mwanangu. Lakini mtamba yule pale, ukikubali kumpokea, mchukue."

Stanislaus akakohoa ili asicheke. Mtamba yule alikuwa ni duka zima la nguo! Akadunga sindano upesi upesi. Theodosia akasema jambo la ng'ombe halifanywi kimyakimya, akamwita Bazilio, balozi wa nyumba kumi, pamoja na majirani wanne. Pombe ya ndizi ikaletwa.

"Umempokea ng'ombe huyu mbele yetu?" Bazilio akauliza.

"Kwa mikono miwili!"

Akanywa mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Baiskeli akaiacha kwa mama, maana huwezi kuendesha baiskeli huku unavuta ng'ombe, na tajiri hakosi pesa ya kununua nyingine.

Mnadani Kasulu, mchinjaji Niyibizi akamkagua mtamba, akauliza amempataje. Stanislaus, ambaye mdomo haukuwahi kumwangusha, akasimulia yote: mjane, mashahidi, pombe.

Niyibizi akauachia mkia wa ng'ombe.

"Ulikunywa?"

"Nikamaliza!"

"Basi wewe ni mchungaji wake. Huku kwetu pombe hiyo ni ya kukabidhiwa ng'ombe umtunze. Maziwa yako, akizaa. Samadi yako. Ng'ombe ni wa mwenyewe. Ukimuuza ni wizi, na mashahidi unao watano. Polisi ni pale."

Stanislaus akakitazama kituo cha polisi. Akageuza ng'ombe.

Alimkuta Theodosia akifunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli.

"Mama, mimi ni mtu wa dawa. Nitachunga mpaka lini?"

"Sijakufunga kamba, mwanangu. Siku ukimpata mwingine wa kunywa pombe ile badala yako, nenda salama." Akakaza fundo, akaijaribu baiskeli kama itabeba. "Ila umtafute mjanja wa mbali. Sisi wajinga wa hapa hatuinywi."